Kwa Nini Wembe Uleule Humpa Mmoja Ngozi Laini na Mwingine Vipele

Wanaume wawili wanaweza kutumia wembe wa aina moja, sabuni ya aina moja na maji yenye joto lilelile, na siku mbili baadaye mmoja akawa na mashavu laini ilhali mwenzake ana vipele vinavyowasha kuanzia chini ya taya hadi kooni. Huyo wa pili huambiwa kwamba ana ngozi mbaya, au hakusafisha wembe wake, au anatumia krimu hafifu. Kwa sehemu kubwa maelezo hayo si sahihi, na ubaya wake ni kwamba humfanya mtu azidi kunyoa kwa nguvu, akitafuta ulaini ambao ndio hasa unaomletea madhara. Vipele vingi vinavyofuata unyoaji wa ndevu havianzi kwa uchafu wala kwa udhaifu wa ngozi. Huanza kwa jinsi udevu ulivyopinda ndani ya ngozi na kwa mahali ulipokatiwa. Mtu akishayaelewa mambo hayo mawili, kila shauri la unyoaji huonekana lina sababu yake, na baadhi ya mashauri yanayorudiwa sana huonekana kuwa hayamfai kila mtu.

Udevu na kifuko chake

Kila udevu huota kutoka kwenye kifuko chembamba kilichozama ndani ya ngozi. Chini kabisa ya kifuko hicho ndiko kuliko na seli hai, ambazo hugawanyika na kuzisukuma juu zile zilizokwisha kukauka na kujaa protini ngumu iitwayo keratini. Sehemu tunayoiona na kuinyoa haina uhai. Haina mshipa wa damu wala neva, na ndiyo maana kukata udevu hakuumi. Homoni za kiume, hasa testosteroni na ile inayotengenezwa kutokana nayo, daihidrotestosteroni, ndizo zinazoyageuza malaika laini ya utotoni kuwa ndevu nene wakati wa balehe. Ndevu za mtu mzima hurefuka kwa milimita 0.3 hadi 0.4 kwa siku, kiasi kinachotosha kuufanya uso ulionyolewa alfajiri uanze kukwaruza kabla ya usiku kuingia.

Kwa kuwa kinachokatwa ni sehemu isiyo na uhai, wembe hauna njia ya kuzichochea seli zilizo chini ziote kwa kasi zaidi. Imani kwamba kunyoa mara kwa mara huongeza ndevu au kuzinenepesha ilipimwa zamani: mwaka 1928 mwanaanatomia wa Marekani Mildred Trotter aliwafuatilia wanaume wanne, akapima ndevu walizonyoa, na hakupata ushahidi wa kuiunga mkono. Udevu uliokatwa huhisiwa kuwa mgumu kwa sababu ncha yake ya asili, iliyokuwa imechongoka taratibu kadiri ulivyoota, imeondolewa na mahali pake pamebaki kisiki butu na kifupi kisichopinda kirahisi chini ya kidole.

Umbo la kifuko ndilo linaloamua umbo la udevu. Kifuko kilichonyooka hutoa udevu ulionyooka, na kifuko kilichopinda hutoa udevu uliojikunja, ambao mara nyingi pia ni bapa kidogo badala ya kuwa mviringo kamili. Wanaume wengi wenye asili ya Afrika wana vifuko vilivyopinda, na kwa hiyo ndevu zao zimeshaanza kujikunja kabla hazijatokeza juu ya ngozi. Udevu wa namna hiyo ukiachwa urefuke hauna shida yoyote. Shida huja wembe unapoukata kwa mshazari na kuuachia ncha kali kama sindano, kwa sababu ncha hiyo sasa inaota ikiwa imeelekea palepale ulikoelekea mkunjo, yaani kurudi kwenye ngozi.

Kurudi huko kuna njia mbili, na kuzitofautisha ni muhimu kuliko jambo jingine lolote katika mada hii, kwa kuwa kila njia ina kinga yake. Katika njia ya kwanza, udevu hutokeza nje kama kawaida, ukarefuka milimita moja au mbili, ukapinda, kisha ncha yake ikaitoboa ngozi umbali mfupi kutoka pale ulipotokea. Katika njia ya pili, udevu haufiki hata nje. Umekatwa chini ya usawa wa ngozi, na ncha yake kali, badala ya kupanda na kutoka kupitia mdomo wa kifuko, hutoboa ukuta wa kifuko chenyewe na kuingia kwenye nyama iliyo pembeni. Njia ya kwanza humpata zaidi mtu anayenyoa na kisha kukaa siku kadhaa bila kurudia. Njia ya pili humpata yule anayenyoa kwa kuchimba sana.

Katika hali zote mbili mwili huutendea udevu ulioingia kama ungemtendea mwiba: huleta damu na seli za kinga mahali hapo, ngozi ikavimba, ikawasha, na wakati mwingine ikatunga usaha hata pasipo bakteria yoyote. Madaktari huliita tatizo hili sudofolikulitisi ya ndevu. Umbo la ndevu si chanzo pekee. Watafiti wamelihusisha tatizo hili pia na badiliko dogo katika jeni ya KRT75, ambayo huhusika na keratini ya tabaka linaloizunguka nywele ndani ya kifuko. Hivyo ndugu wawili wenye ndevu zinazofanana kwa macho wanaweza kupatwa kwa viwango tofauti, na hakuna sababu ya mmoja kulaumiwa kwa uzembe.

Nyembe nyingi na ahadi ya ulaini

Kwa muda mrefu wa historia, kunyoa kulikuwa kazi ya wembe mmoja mrefu uliohitaji mkono uliozoea, na wanaume wengi walimwachia kinyozi. Mabadiliko yalikuja mwaka 1903, Mmarekani King C. Gillette alipoanza kuuza wembe wa usalama wenye bapa jembamba la kutupwa. Mwaka huo wa kwanza aliuza vifaa 51 na mabapa 168 tu. Mwaka uliofuata alipata hataza, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia jeshi la Marekani liliwagawia askari wake vifaa hivyo kwa mamilioni, wakarudi makwao na mazoea ya kujinyoa wenyewe. Mwaka 1971 kampuni hiyohiyo ikaleta kichwa chenye nyembe mbili zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, mwaka 1998 kikafuata cha nyembe tatu, na mwaka 2006 cha tano.

Wingi wa nyembe una sababu ya kifizikia. Wembe wa kwanza unapougusa udevu huuvuta kidogo kutoka kwenye kifuko chake kabla ya kuukata. Udevu huo huchukua muda mfupi kurudi ndani, na kabla haujarudi, wembe wa pili unakuwa umefika na kuukata tena karibu zaidi na shina. Kilichobaki kinaporudi, ncha yake hukaa chini ya usawa wa ngozi. Hapo ndipo unapopatikana ule ulaini ambao kidole hakihisi hata kisiki kimoja. Kwa mwenye ndevu zilizonyooka hii ni faida tupu, kwa sababu udevu wake utapanda na kutokea mahali palepale. Kwa mwenye ndevu zilizojikunja, kifaa hicho kinatengeneza kwa ufanisi mkubwa mazingira ya ile njia ya pili niliyoieleza, na ninaona ni jambo la kusikitisha kwamba ulaini huo umefanywa kuwa kipimo cha unadhifu kwa wanaume wote bila kujali umbo la ndevu zao.

Pamoja na hayo, si haki kuzitupia nyembe nyingi lawama yote. Jaribio lililochapishwa mwaka 2013 nchini Marekani, likiwahusisha wanaume wenye asili ya Afrika waliokuwa na vipele vya kiwango cha chini na cha kati, lilionyesha kwamba kunyoa kila siku kwa wembe wa nyembe nyingi, kukiambatana na maandalizi mazuri ya ngozi, hakukuzidisha vipele. Matokeo hayo hayapingani na maelezo ya awali. Udevu unaokatwa kila siku haupati urefu wa kutosha kupinda na kuitoboa ngozi kwa nje, kwa hiyo njia ya kwanza imezibwa, hata kama ya pili bado iko wazi. Anayenyoa mara moja kwa wiki na kwa kuchimba sana ndiye anayejifungulia njia zote mbili kwa pamoja. Ushauri wa jumla wa “punguza kunyoa” kwa hiyo haujitoshelezi: mtu ama anyoe mara kwa mara kwa upole, ama aziache ndevu zirefuke kabisa kupita hatua ya hatari.

Maji kwanza

Keratini hunywa maji, na udevu uliolowa hutuna na kupoteza sehemu kubwa ya ugumu wake, hivyo wembe huhitaji nguvu ndogo zaidi kuukata. Dakika 2 hadi 3 za kulowa katika maji ya uvuguvugu zinatosha, na ndiyo maana wakati mzuri wa kunyoa ni baada ya kuoga, au baada ya kukiweka kitambaa kilicholowa usoni kwa muda huo. Maji ya moto sana hayaongezi faida yoyote; huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuiacha ikiwa imekauka kabla wembe haujaigusa. Anayejimwagia maji mara moja na kuanza kunyoa papo hapo anakata ndevu ambazo bado ni ngumu, na mkono wake utalazimika kukandamiza hata kama hakukusudia.

Povu lina kazi tatu: kuyashikilia maji kwenye ndevu yasikauke, kuufanya wembe uteleze, na kuonyesha mahali palipokwisha kupitiwa. Sabuni ya kawaida ya kipande hufanya kazi hizo kwa udhaifu. Uso wa ngozi una asidi kidogo, pH yake ikiwa karibu na 5, wakati sabuni nyingi za vipande zina pH ya 9 hadi 10, na tofauti hiyo huvuruga mafuta yanayoifunga ngozi isipoteze maji. Krimu au jeli ya kunyolea yenye gliserini na isiyo na manukato makali hufaa zaidi. Brashi ya kunyolea ikizungushwa taratibu huziinua ndevu zilizolala na huweza hata kuichomoa ncha iliyoanza kujichomeka. Ikisuguliwa kwa nguvu juu ya vipele, huvijeruhi.

Mkono na wembe

Kabla ya kunyoa, mtu anapaswa kujua ndevu zake zinaelekea wapi, na wengi hawajawahi kuchunguza. Zikiachwa siku mbili, kidole kitatoa jibu: ukikipitisha upande zinakoelekea kitateleza, na ukikipitisha upande wa pili zitakwaruza. Mashavuni ndevu nyingi huelekea chini, lakini shingoni hali hubadilika. Zinaweza kuelekea juu, kando, au kuzunguka katika duara, na upande wa kulia usifanane na wa kushoto. Shingo ndiyo inayoathirika kuliko sehemu nyingine, na sababu mojawapo ni kwamba mtu huendelea kuuvuta wembe kuelekea chini kwa mazoea yaleyale ya shavuni, akidhani anafuata mwelekeo wa ndevu kumbe anakwenda kinyume chake.

Kunyoa kwa kufuata mwelekeo wa ndevu huuacha udevu ukiwa mrefu kidogo juu ya ngozi. Kunyoa kinyume huuinua, huuvuta na kuukata chini zaidi. Anayetaka ulaini wa ziada bila kuingia hatarini anaweza, baada ya mpito wa kwanza, kupaka povu upya na kupitisha wembe kwa kukatisha, yaani kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mwenye historia ya vipele afadhali aishie kwenye mpito wa kwanza. Kurudia mahali palepale bila povu ni kosa kwa kila mtu, kwa kuwa wembe hukata ndevu pamoja na tabaka la juu la ngozi, na mwasho unaofuata mara nyingi hauhusiani kabisa na ndevu zilizorudi ndani.

Kuhusu kuvuta ngozi, ushauri unaosikika kila mahali ni kwamba ivutwe ikaze ili wembe upite vizuri. Kwa ndevu zilizonyooka ushauri huo una maana, hasa kwenye mikunjo ya taya. Kwa ndevu zilizojikunja una madhara, kwa sababu ngozi iliyokazwa huufanya udevu utokeze zaidi kuliko kawaida yake, na ikiachiwa, ncha iliyokatwa huzama chini ya usawa wa ngozi. Mtu mwenye ndevu za aina hiyo ainamishe au ageuze kichwa ili sehemu anayonyoa inyooke yenyewe, na vidole aviache vipumzike.

Wembe wa bapa moja lenye makali pande mbili hukata vizuri ukiwa umelazwa kwa pembe ya nyuzi 30 hivi kutoka kwenye ngozi. Ukisimamishwa zaidi hukwangua, na ukilazwa mno haukati. Mashine za nyembe nyingi zimetengenezwa zikiwa na pembe hiyo tayari, hivyo kinachobaki ni kutokandamiza. Uzito wa kifaa chenyewe unatosha. Mivuto iwe mifupi, ya sentimita mbili au tatu, na wembe usuuzwe kila baada ya mivuto michache, maana ndevu na povu vikijaa katikati ya nyembe, mkono huanza kukandamiza ili kufidia.

Wembe uliochakaa nao hulazimisha nguvu. Inashangaza kwamba chuma, kilicho kigumu takribani mara 50 kuliko unywele, huharibiwa na unywele, lakini watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia nchini Marekani, walionyesha mwaka 2020 jinsi inavyotokea: unywele unapopinda mbele ya makali, na mahali hapo chuma hakina muundo ulio sawasawa, kipande kidogo kisichoonekana kwa macho humeguka. Makali yaliyomeguka hukwangua na kuvuta badala ya kukata. Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani hushauri wembe ubadilishwe baada ya kunyolea mara 5 hadi 7, na uhifadhiwe mahali pakavu badala ya kuachwa bafuni ukiwa umelowa.

Njia zisizotumia wembe

Kwa mwanaume ambaye vipele vimekuwa sehemu ya maisha yake, kifaa cha kwanza ningemshauri ni mashine ya umeme ya kukatia, ile anayoitumia kinyozi kwa nywele za kichwa, ikiwa imerekebishwa iache ndevu za urefu wa milimita 1 au zaidi kidogo. Udevu wa urefu huo haujakatwa chini ya ngozi, na ukipunguzwa kila siku moja au mbili haufikii kujikunja na kurudi. Uso hautakuwa laini kama kioo, lakini utaonekana nadhifu na utakuwa hauwashi. Mashine za umeme za kunyolea kabisa, zenye vichwa vya kuzunguka au wavu mwembamba, ziko katikati: hazichimbi kama wembe, ila zikikandamizwa na kurudiwarudiwa huleta matatizo yaleyale.

Unga na krimu za kuondolea ndevu hufanya kazi kwa kemikali, kwa kawaida bariamu salfaidi au kalsiamu thioglikoleti, ambazo huvunja viungo vya keratini mpaka udevu ukawa laini kiasi cha kufutwa kwa kitu butu. Faida yake ni kwamba ncha inayobaki si kali. Hasara yake ni kwamba ngozi nayo imejengwa kwa keratini, na kemikali haibagui. Dawa hiyo ijaribiwe kwanza kwenye sehemu ndogo siku moja kabla, isizidishe dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, isipakwe juu ya vidonda, na ngozi ipewe siku kadhaa za kupumzika kabla ya kuitumia tena. Kung’oa udevu kwa kibano hakufai kabisa kwa mwenye tatizo hili, kwa kuwa udevu mpya utakaoota kutoka chini kabisa ya kifuko utakuwa na nafasi kubwa ya kuutoboa ukuta wake ukiwa njiani.

Ngozi baada ya kunyolewa

Baada ya kunyoa, uso usuuzwe kwa maji ya baridi na ukaushwe kwa kubonyezwa na taulo safi, bila kusugua. Vimiminika vya kupaka baada ya kunyoa vyenye spiriti nyingi huchoma, na watu wengi huuchukulia mchomo huo kuwa ishara ya usafi. Kwa kweli spiriti huikausha ngozi ambayo imetoka kupoteza sehemu ya tabaka lake la juu. Shabu ina matumizi yake, kwa kuwa hukaza ngozi na kuzuia damu ya michubuko midogo, mradi isuuzwe baada ya dakika chache na ifuatiwe na mafuta au losheni. Losheni yenye gliserini au seramidi (aina ya mafuta yanayopatikana pia kwenye ngozi yenyewe), isiyo na manukato, humtosha mtu wa kawaida. Mafuta ya mgando huhifadhi maji vizuri, ingawa mwenye uso wa chunusi atapendelea kitu chepesi zaidi.

Madoa meusi yanayobaki baada ya vipele kupona huwasumbua wengi kuliko vipele vyenyewe. Ngozi yenye melanini nyingi, yaani ile rangi yake ya asili, inapovimba huzalisha rangi zaidi, na mwanga wa jua huyatilia nguvu madoa hayo yasififie. Kwa hiyo krimu ya kuzuia jua yenye SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) ya 30 au zaidi ni tiba halisi hapa. Madoa hufifia kwa miezi, na hayataisha kamwe ikiwa vipele vipya vinaendelea kuota, jambo linalomaanisha kwamba kubadilisha namna ya kunyoa hutangulia dawa yoyote ya rangi. Wanaoshindwa kusubiri hukimbilia krimu za kung’arisha. Baadhi yake zina zebaki, ambayo ni sumu kwa figo, na Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, ulitaka vipodozi vyenye zaidi ya sehemu 1 ya zebaki kwa milioni viondolewe ifikapo mwaka 2020. Nyingine zina steroidi kali, ambazo hutuliza uvimbe kwa siku chache na kisha huacha ngozi nyembamba yenye chunusi. Haidrokwinoni hutumiwa na madaktari kutibu madoa, lakini ikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi inaweza kuifanya ngozi iwe nyeusi zaidi kuliko ilivyokuwa.

Vipele vikishakuwapo

Hatua yenye nguvu kuliko zote ni kuacha kunyoa kwa angalau wiki 4. Muda huo haukuchaguliwa kwa kubahatisha: kwa kasi ya milimita 0.3 hadi 0.4 kwa siku, wiki 4 huzalisha udevu wa takribani sentimita 1, na udevu wa urefu huo hujivuta wenyewe na kuchomoka mahali ulipojichomeka. Katika siku za mwanzo hali inaweza kuonekana kuwa mbaya zaidi, kwa kuwa ndevu zilizokatwa karibuni ndizo zinazofikia urefu wa kurudi ndani, na wengi hukata tamaa hapo hapo. Udevu unaoonekana umejifunga kitanzi juu ya ngozi unaweza kunyanyuliwa kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, bila kuchimba wala kuung’oa. Asidi ya salisiliki au ya glikoliki huondoa seli zilizokufa zinazoziba midomo ya vifuko. Daktari wa ngozi anaweza kuongeza retinoidi (dawa za jamii ya vitamini A), benzoili peroksidi inayoua bakteria, au steroidi hafifu kwa muda mfupi.

Si kila mtu anaruhusiwa kuacha ndevu kazini. Pale kanuni zinapodai uso ulionyolewa, cheti cha daktari ni jambo halali la kuomba, na suala hili limewahi kufika mbali: mwaka 1993 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliona kwamba kampuni iliyokataza ndevu haikuwa imetoa sababu ya kibiashara inayotosha, wakati kanuni yake iliwaumiza zaidi wanaume Weusi kwa sababu ya ugonjwa huu.

Kuna magonjwa mengine yanayofanana na haya ambayo hayatapona kwa kubadilisha wembe. Bakteria aina ya Staphylococcus aureus husababisha vijipu vyenye usaha vinavyouma na kusambaa, kila kimoja kikiwa kimezunguka udevu wake. Fangasi huleta eneo lenye magamba ambalo ndevu zake hung’oka kwa urahisi, na krimu ya steroidi huuzidisha ugonjwa huo. Uvimbe mgumu unaokua kupita mpaka wa kidonda cha awali ni kovu la keloidi, na kila mwezi wa kuchelewa kumwona daktari huufanya uwe mgumu zaidi kutibu. Wembe haufai kuazimwa hata kati ya ndugu, kwa sababu virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na tone la damu lisiloonekana linatosha kuvihamisha. Mashine ya kinyozi nayo isafishwe na kutiwa dawa baada ya kila mteja, na mteja ana haki ya kuomba jambo hilo lifanywe mbele yake.

Anayelazimika kunyoa maisha yake yote na hakupata nafuu kwa njia hizi anaweza kufikiria leza, ambayo huziunguza seli zinazootesha udevu kwa kuilenga melanini iliyomo ndani yake. Aina ya leza hapa ni jambo la usalama. Ile ya urefu wa mawimbi wa nanomita 1064, iitwayo Nd:YAG, huzama ndani zaidi na hunyonywa kidogo na melanini ya ngozi, hivyo ndiyo inayofaa kwa ngozi nyeusi, ilhali ile ya nanomita 755 inaweza kuiunguza na kuiachia madoa. Matibabu hufanywa mara kadhaa kwa kuachana wiki kadhaa, na ndevu zinazorudi huwa chache na nyembamba. Kwa kuwa kinacholengwa ni rangi, leza haifanyi kazi kwa ndevu zilizokwisha kuwa mvi, na mwenye mvi hubaki na mashine ya kukatia kuwa njia yake ya uhakika zaidi.